Hodi Kumi na Moja kwa Tovuti ya Ghala

Njoro, Jumapili, 6 Julai 2008
Mwaka mmoja na miezi sita tangu niondoke kwangu Kimilili

Kwa Bwana Gurpreet,
Mtengenezaji wa tovuti ya ghala la ngano la mjomba wako, Mzee Balwant

Bwana Gurpreet mheshimiwa,

Mimi ni Khisa, mpakiaji wa magunia, safu ya tatu. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua, kwa kuwa picha yako ndiyo ya kwanza kwenye tovuti. Umevaa miwani ya jua, na nyuma yako kuna heroe, wale ndege wa ziwani, ambao hapa ghalani hatuna.

Mwezi wa Aprili fomu za likizo zilizokuwa zikining'inia kwenye msumari wa mlango wa ofisi ziliondolewa. Pakabandikwa tangazo lako: "Likizo zote zitaombwa kwa tovuti. Tovuti ikishakubali, hakuna wa kubishana nayo."

Sina neno na maendeleo. Nina neno na Agosti. Kwetu Wabukusu vijana hutahiriwa Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mwanangu Makokha amekwisha kuzunguka na kengele akiwaalika jamaa. Atasimama alfajiri katika ua wa baba yake bila kupepesa jicho. Krismasi sikupata ruhusa, na Januari barabara zilifungwa kwa mambo ya uchaguzi tunayoyajua sote. Nikikosa Agosti hii, mwanangu atasimama katika ua usio na baba. Nimeomba siku saba tu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mlango hauonekani. Kabla ya kuingia, ngano inapepea, wimbo unalia, jina lako linazunguka. Kimaiyo, mwenye saiba ninakokodi kompyuta kila Jumapili, huniambia, "Mzee, bonyeza Ruka." Neno lenyewe ni la manjano juu ya ngano ya manjano. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mwalimu wetu hakuandika kwa chaki nyeupe kwenye ukuta mweupe.

2. Maneno yanakimbia. Nikipeleka kipanya kwenye "Wafanyakazi", orodha inateremka. Nikiifuata, inajikunja. Vidole vyangu vimezoea gunia la kilo tisini, ambalo ukiliweka linakaa.

3. Majina hayasemi kilichomo. Ghalani kila rundo lina alama yake ya chaki: ngano ya mbegu, ya unga, iliyolowa. Mgeni akitoka Kuresoi leo ataipata ya mbegu bila kuuliza mtu. Kwako likizo niliipata ndani ya "Dira Yetu", chini ya "Furaha", nyuma ya picha ya lori. Nani hutafuta likizo nyuma ya lori? Kimaiyo alicheka mpaka akashika meza: "Boss, hapa hata mwizi angeenda zake!"

4. Hakuna njia ya kurudi mwanzo. Jumapili moja niliingia kuomba likizo, nikajikuta naagiza trela mbili za ngano.

5. Hili ndilo linaloniuma. Nikishabonyeza "Tuma", ukurasa unakuwa mweupe. Hausemi umepokea, hausemi umekataa. Hata katika nyumba ya adui, ukipiga hodi mara tatu mtu atakohoa ndani. Mimi nimepiga hodi Jumapili kumi na moja, kila mara naanza upya, na hakuna aliyekohoa.

Kwa hivyo naomba, bila ubaya wowote, kila kitu kipewe jina lake na rangi inayosomeka. Pia awekwe mlinzi ndani ya tovuti, mwenye koti na rungu, wa kuuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Mlinzi akikosekana, nitamleta shangazi yangu Nakhumicha, ambaye hakuna mgeni aliyepita kwake bila kuulizwa. Hilo likishindikana, sisi wapakiaji wanane tuko tayari kuingia humo Jumapili, tutoe vitu vyote nje, tufagie, na tupange upya kwa safu na chaki. La sivyo tovuti ifungwe na fomu zirudi kwenye msumari, kwa sababu msumari haujawahi kumpoteza mtu. Na mpaka hapo, wewe mwenyewe usile chakula cha mchana ila kwa kukiomba kupitia tovuti hiyo.

Wasalimie Mzee Balwant, Mama Pushpa anayetupikia chai kila Ijumaa, Chepkurui wa ofisini, na wale heroe.

Ni mimi mwenye mgongo uliochoka na heshima nzima,
Khisa

Nyongeza, Jumatatu: Bwana Gurpreet, usibadilishe kitu. Nilipoleta barua hii ofisini, Chepkurui aliniuliza, "Khisa, siku zote hizo unaenda wapi?" Kumbe kila hodi ilisikika! Tovuti imekubali maombi yote kumi na moja na kuyapanga moja nyuma ya jingine kama magunia: siku sabini na saba, kuanzia tarehe 4 Agosti. Mzee Balwant aliitwa. Alisoma tangazo lako mlangoni mara mbili, akanitazama, akaenda zake. Mlinzi usimweke, atauliza maswali. Lori liache hapo hapo. Mimi nitasimama uani na Makokha, kisha nitavuna mahindi yangu. Nitarudi kazini Jumatatu, 20 Oktoba. Lakini hiyo ni Sikukuu ya Kenyatta, kwa hivyo nitegemeeni Jumanne, 21 Oktoba 2008.