Kitabu cha Subira Kilichopigwa Pasi

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa chekechea ya mjukuu wangu ametuita. Watoto wanagombania bembea mpaka wanang'oana vifungo (na vifungo navishona mimi, fundi cherehani, bure!). Anataka kitabu cha picha cha kuwafundisha subira. Anayeweza achore. Ijumaa watoto watasomewa, wachague kimoja kibaki darasani. Mjukuu ameshawatangazia wenzake kitakuwa cha bibi yake. Nimwangushe mtoto? Wala! Tatizo ni wifi. Naye anachora, tena alianza mwezi uliopita. Nani alimnong'oneza? Nimemwomba Mungu anipe subira, na anipe leo hii.

Jumanne, 4 Machi
Hadithi imenijia nikikaanga yai. Mtoto analingoja yai, kifaranga anatoka. Basi! Ukurasa wa kwanza yai limetoka zuri ajabu. Nikaona ya nini kujisumbua, nikachora lile lile kurasa zote, kifaranga mwishoni. Mume wangu akauliza kuku yuko wapi. Nikamwambia ameenda kunywa maji. Akasema, kitabu kizima? Wanaume wanapenda kuchokonoa. Rangi nimeichanganya na gundi ili ing'ae.

Jumatano, 5 Machi
Wifi amekuja eti kuazima sindano. Sindano gani, kaja kuchungulia! Akanifunulia chake kidogo: twiga, vipepeo, maua. Twiga ana kope! Akaninasihi, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa, kwamba wifi yangu, rangi iache ikauke yenyewe, usiifungie kitabuni ikiwa mbichi. Nikamshukuru sana. Hajafika getini nikawasha pasi niikaushe.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kurasa zimeshikana. Sina kitabu, nina tofali. Nimejaribu mvuke, nimejaribu kisu cha siagi, nimefunga na kuomba. Zimelegea kidogo pembeni, basi. Mume wangu kasema nimwombe mwalimu wiki moja zaidi. Wiki! Mjukuu akakipapasa, akauliza, Bibi, subira ndiyo hii? Nikajifanya natafuta uzi. Kesho mtoto wa watu atachekwa kwa ajili yangu. Nimekivika jalada la satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Angalau tofali lipendeze.

Ijumaa, 7 Machi
USHINDI!

Kilianza cha wifi. Picha safi, sikatai. Watoto wakafunua chapuchapu, wakaona twiga, wakauliza juisi iko wapi. Kikaja changu: yai la kwanza, na mwalimu akawaambia tunangoja kifaranga. Mwalimu akavuta ukurasa, haukutoka. Nikafumba macho, nikaanza kutubu. Akabandua polepole, kwa kucha. Mtoto mmoja akamkemea, taratibu mwalimu, utalivunja! Ukurasa ukaachia: yai. Darasa zima likapiga kelele, BADO! Akabandua mwingine: yai. BADO! Wale wale wa kung'oana vifungo wamekaa mikono mapajani, wanashushana sauti wenyewe kwa wenyewe. Kifaranga alipotokea, nusu bawa limebaki ukurasa wa nyuma, walisimama wote wakarukaruka. Mjukuu wangu juu ya benchi: bibi yangu huyo!

Wamekichagua changu. Mwalimu akaniuliza kama ile gundi nilikusudia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema ni mtindo. Wifi akanipa mkono, akaniuliza sikioni, ni pasi, siyo? Nikamwambia nitamrudia, nina wageni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoa shukrani tangu alfajiri. Utukufu wote ni wa Mungu, ingawa yai nilichora mimi. Mwalimu kapita dukani kwangu ninaposhonea. Anataka kitabu kingine, cha kuwafundisha watoto kusema kweli. Akasema hana haraka, hata muhula ujao.

Nimemwambia nimeshakimaliza, kipo ndani, nakipiga pindo tu. Atakifuata jioni.

Mume wangu ananitazama. Atazame. Pasi imeshapata moto.