Shahada ya Dawa ya Boma la Dodoma

"Sikilizeni nyote! Kuanzia leo, ugonjwa katika nchi yote ya Ugogo utaendeshwa kwa utaratibu!"

Akida alilisoma tangazo hilo sokoni Dodoma, mbele ya wauza chumvi na wauza mbuzi, mwaka ule reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika na watu bado wanakwenda stesheni jioni kulitazama garimoshi. Tangazo lilieleza kwa masikitiko kwamba mpaka sasa wenyeji wamekuwa wakiugua ovyo, kila mtu na homa yake, saa aitakayo, bila kumwarifu mkubwa yeyote. Mambo hayo sasa yamekwisha. Serikali ya Wadachi, ndio Wajerumani, imefungua bomani Shule ya Elimu ya Dawa, na atakayehitimu atapewa shahada, yaani kibati cha shaba cha kuning'iniza kifuani. Mwenye kibati hatakamatwa tena kubeba mizigo ya serikali.

Hapo kwenye mizigo ndipo Swedi bin Yahaya alipotega masikio yote mawili.

Maana Swedi mizigo alikuwa anaijua. Askari walikuwa wakiingia mtaani asubuhi, wanachagua wanaume wenye mabega kama mtu anayechagua maboga, na haooo, mpaka Kondoa, mpaka Singida. Safari ya mwisho walimchukua harusi yake haijapoa. Aliporudi, bega limechubuka na mashavu yameingia ndani, mkewe Mwantum alimfungulia mlango akamuuliza, "Unamtafuta nani, baba?"

Alipomtambua alilia, kisha akafuta machozi akasema, "Swedi, wakikuchukua tena, hunikuti hapa. Sikutishi. Nimechoka kuwa mjane mwenye mume."

Na Swedi alimpenda Mwantum, tena bila kificho, mpaka wenzake wakawa wanamcheka. Kesho yake kabla jogoo hajamaliza alikuwa ameshasimama mlangoni pa shule.

Mkuu wa shule alikuwa Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe. Jina lake la Kidachi lilikuwa refu, na hakuna ulimi wa Dodoma uliowahi kulifikisha mwisho, basi watu walimwita Bwana Kamili, kwa kuwa kila alichokifanya alikifunga kwa neno hilo. Masomo yalianza kwa kulipigia saluti kabati la dawa. Yakafuata masomo ya kulifuta vumbi kabati la dawa. Wanafunzi walipokwisha kuiva katika hayo, ndipo kabati likafunguliwa, na elimu yenyewe ikaonekana: kwinini upande wa kulia, na upande wa kushoto haluli, ile chumvi ya kuharisha.

"Mwenye mwili wa moto, kwinini," alifundisha Bwana Kamili. "Wengine wote, haluli. Kamili."

Yotham, kijana wa Kigogo aliyelelewa misheni kule Mvumi, akanyoosha mkono. "Na aliyevunjika mguu, Bwana?"

"Haluli."

"Na aliyeumwa na nyoka?"

"Haluli. Lakini upesi."

Swedi aliyaweka yote moyoni. Aliona fahari, haki ya Mungu. Kazi ambazo elimu hiyo ilizifungulia mlango zilikuwa nyingi na za heshima: palikuwa na Mfungua Chupa, Mtikisa Chupa na Mfunga Chupa, na ole wake Mfungua Chupa atakayethubutu kutikisa. Juu yao alisimama Msimamizi wa Kumeza, ambaye kazi yake ilikuwa kulitazama koo la mgonjwa na kutamka kwa sauti kwamba dawa imeshuka. Swedi aliitaka sana kazi hiyo. Jioni alimfanyia mazoezi Mwantum akila ugali, mpaka Mwantum akamwambia, "Wee! Hebu niache nimeze kwa amani."

Kilichokosekana shuleni kilikuwa kitu kidogo tu, nacho ni wagonjwa. Walikuja, ndiyo. Walikaa uani, wakapokea vikombe vyao, wakavitazama. Kisha wakamtazama aliyewapa. Wakakaa hivyo hivyo mpaka jua likawa kali, wakaweka vikombe chini na kwenda zao.

"Wanangoja nini watu hawa?" Bwana Kamili alifoka.

"Wanangoja dawa ionjwe, Bwana," alisema Yotham. "Kwetu anayekupa dawa anaanza yeye. Anapiga funda, anafungua kinywa uone imeshuka, ndipo unaamini si sumu. Dawa isiyoonjwa hainywi mtu."

Bwana Kamili alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Angeweza kuwachapa viboko wakanywa, lakini alikuwa ameshapeleka barua pwani kwamba Wagogo wanameza kwa hiari na kwa furaha kubwa, na mkubwa wake alikuwa anakuja kwa garimoshi kuiona hiyo furaha. Basi akaunda cheo kipya, Mwonjaji wa Serikali. Siku mgeni atakapokuja, kila mgonjwa akipokea dawa kwa hiari, wanafunzi wote watapata vibati. Wasipopokea, shule inafungwa, na mchana huo huo wanafunzi wote wanabeba mizigo kwenda Singida.

"Nani anakitaka cheo hiki?"

Swedi alipiga hatua mbele kabla swali halijaisha. Maskini, alidhani ni kupanda ngazi.

Asubuhi ya kwanza aliionja haluli kwa madaha, akafungua kinywa kulia na kushoto kama anayepigwa picha. Adhuhuri madaha yakawa yamekwisha. Kila mgonjwa alitaka funda lake, maana kikombe cha mwenzako si kikombe chako, na kati ya mgonjwa na mgonjwa Mwonjaji wa Serikali alikuwa akikimbilia nyuma ya ukuta ameshika msuli kwa mikono miwili. Tena baada ya mateso yote hayo, wagonjwa walikuwa wakitikisa vichwa, wanaviacha vikombe na kuondoka.

"Umekuwa mwembamba kuliko ulivyorudi kutoka Singida," alisema Mwantum akimpa uji. "Afadhali hata mizigo, mume wangu. Mizigo ilikuwa inapita nje ya mwili."

"Kibati, Mwantum. Nakitaka kibati."

"Najua," alisema, akamshika mkono, na wote wawili wakaogopa.

Siku ya mgeni ikafika. Alikuwa mtu mnene, mwenye Kiswahili kizuri cha pwani, akakalishwa kivulini. Nje ya uwanja askari walishaipanga mizigo ya Singida. Na wagonjwa, loo! Siku hiyo walikuja wengi kuliko siku zote, wametoka vijijini kwa mstari, mbele yao Mzee Sila amejitanda shuka lake.

"Mbukwenyi, mzee," Yotham alimwamkia kwa Kigogo. Swedi akapokea kikombe, akakisogeza mdomoni.

Mzee Sila akanyoosha fimbo na kukizuia. Alisema maneno machache, na Yotham akayatafsiri huku akitazama miguu yake. "Anasema, huyu si mwenye dawa. Huyu ametumwa tu. Mganga hamtumi mtu kuonja. Mwenye dawa anaonja mwenyewe. Ndiyo maana siku zote wanaviacha vikombe. Anauliza, dawa hii ni ya nani?"

"Ni ya Kaisari!" Bwana Kamili alijibu kwa sauti ya gwaride.

"Anasema, basi aitwe."

"Kaisari yuko Ulaya!"

"Anauliza, hapa ni nani amekaa mahali pake?"

Swedi aliitazama ile mizigo, akamwona Mwantum amesimama langoni amejifunika kanga mpaka mdomoni. Alilisikia swali kama mwanafunzi anavyolisikia swali la mtihani, na jibu alikuwa nalo. Akapiga saluti.

"Kwa heshima, Bwana, somo hilo tumefundishwa. Kila asubuhi Bwana hutuambia kwamba hapa Dodoma Kaisari ni yeye."

Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililommaliza Bwana Kamili. Mgeni aligeuza kichwa polepole. "Unawaambia hivyo?" Bwana Kamili akawa mwekundu mpaka masikioni. "Basi," alisema mgeni, "mwenye mahali pa Kaisari aonje. Nimekuja kuona hiari."

Bwana Kamili akaonja. Mzee Sila akamwinamia, akamwamuru afungue kinywa, akachungulia bila haraka, akaitikia kwa kichwa. Akaimimina dawa yake kwenye kibuyu na kukaa pembeni, maana, alieleza Yotham, dawa iliyokwisha kuonjwa mtu huinywa kwake. Akaja wa pili na kikombe chake. Bwana Kamili akaonja. Akaja wa tatu. Mstari ulipita lango la boma ukaelekea stesheni.

Mgeni alifurahi sana, mpaka Mzee Sila alipouliza, na huyu aliyekaa kivulini ni mkubwa wa huyu au mdogo wake?

"Mkubwa wake," Swedi alijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mgeni naye akaonja. Alionja funda moja tu, akasimama ghafla, na akatoa amri pale pale kwamba utaratibu huu ni mzuri mno, uendelee kila siku, na ufanywe na Bwana Kamili peke yake. Akaondoka akitembea kwa hatua fupi fupi.

Jua lilipopinda, mlango wa choo cha wakubwa ulikuwa umefungwa kwa ndani na Bwana Kamili, na nje mgeni alikuwa anaugonga kwa ngumi zote mbili huku akimkumbusha vyeo. Swedi akakaribia, akapiga saluti mbele ya ule mlango.

"Bwana, vibati vyetu. Askari wameanza kuita mizigo."

Mkono ukatoka chini ya mlango, umeshika mfuko mzima. "Chukueni! Nendeni zenu!"

Swedi alikifunga chake kifuani. Askari aliyekuwa anakuja kumkamata akakiona, akampita, akaenda zake. Langoni Mwantum alikigusa kile kibati, akacheka huku analia, akamwambia, "Twende nyumbani ukale kitu kikavu."

Wakampita Mzee Sila, amekaa na watu wake, wote wanavimwaga vibuyu vyao mchangani.

"Shikamoo mzee," alisema Swedi kwa mshangao. "Mbona mnaimwaga? Kwani mlikuwa mnaumwa nini?"

Yotham, aliyekuwa amekaa nao, akatafsiri. Mzee Sila akacheka mpaka fimbo ikamwanguka.

"Anasema hawaumwi kitu, hata mmoja. Walikuja kuiona serikali ikinywa." Yotham akasikiliza tena. "Anasema umwambie Bwana alale mapema. Wale wa Mvumi wanafika kesho."