Jukwaa Juu ya Kisima

(Maneno ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Maji na Mambo Yanayofanana na Hayo, uwanjani, siku ya kuzindua bomba jipya, jua likiwa utosini.)

Mheshimiwa Waziri, ambaye hujafika lakini kiti chako kimefika, Wakurugenzi Wasaidizi, Wasaidizi wa Wakurugenzi Wasaidizi, Kamanda na kikosi chako kizima cha askari wawili, bwana mwenye spika hizi za kukodi, viongozi wa dini zote, pamoja na wale ambao bado wanatafakari, akina mama wenye watoto mgongoni na akina baba wenye mikono mfukoni, na wewe mwananchi wa kawaida, ambaye bila wewe ningekuwa nazungumza peke yangu, jambo ambalo ofisini nimelizoea: itifaki naizingatia yote, hata ile isiyokuwepo, na nawasalimu kwa jina la Dola! (Mtoto analia.) Nimesema, nawasalimu kwa jina la Dola! (Bibi aliyekaa kwenye kigoda mstari wa mbele anatikisa kichwa kidogo. Umati wote: "Salama!") Ahsanteni. Nimeguswa.

Ndugu wananchi, kabla sijakata utepe nataka niwaelimishe, maana kuna watu wanakunywa maji miaka nenda rudi bila kujua nani anawaruhusu. Dola ni nini? Dola ni eneo, na eneo ni huu uwanja. Dola ni watu, na watu ni ninyi, jioneni. Dola ni serikali, na serikali, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi. Na dola ni ukuu usioingiliwa na mtu wa nje, ndiyo maana yule muuza karanga nimemwomba asimame nje ya kamba. (Muuza karanga: "Mimi nimezaliwa hapa!") Tutalishughulikia hilo kupitia mchakato shirikishi wa wadau. Naomba glasi ya maji. (Msaidizi anamnong'oneza.) Aha. Chupa zimebaki kwenye gari la Waziri. Sawa, tuendelee, sauti ya kiongozi haikauki.

Nasikia manung'uniko kuhusu ndoo. Hebu tulimalize hili kisayansi. Nimeelezwa kwamba hapa kisimani mna utaratibu wenu, kwamba mtu anaamka alfajiri, anaweka ndoo yake kwenye mstari, anarudi kupika uji, na ile ndoo inamshikia zamu kama vile ni yeye mwenyewe amesimama, na kwamba huyu mama yetu wa kwenye kigoda, mnayemwita Bibi Zamu, ndiye anayesema nani achote na nani angoje. Vizuri sana. Lakini vijana wangu wa itifaki walipofika asubuhi walikuta ndoo kubwa iko karibu na ndogo, ya njano imeegemea ya kijani, hakuna framuwaki, yaani mfumo, hakuna dira, ndipo kwa uzalendo wao wakazipanga upya kwa rangi: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, ili Mheshimiwa Waziri akishuka garini jicho lake lipumzike. (Kelele: "Zamu zetu!" Mama mwenye mtoto mchanga: "Mkurugenzi, mimi nilikuwa wa tatu! Sasa nimekuwa buluu!") Mama, buluu ni rangi ya heshima. (Mama: "Mtoto hajaoga tangu jana, na sufuria nyumbani ni kavu!") Nimekusikia, na kilio chako nimekiingiza katika mpango mkakati.

Kwa hiyo naamuru, kwa mamlaka niliyopewa, kila mtu akae chini. (Hakuna anayekaa.) Kaeni chini, tafadhali. (Hakuna anayekaa. Bibi Zamu anashusha kiganja. Uwanja mzima unakaa.) Mnaona? Huo ndio utii. Wataalamu wanasema kuna nguvu na kuna uhalali: nguvu ni mtu akutii kwa sababu ana hofu, uhalali ni akutii kwa sababu anaona una haki ya kuamuru, na utafiti wetu wa ndani umebaini kwamba asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wa hapa wananiona mimi nina haki hiyo. Zile kumi na mbili za ziada ni wageni waliokuwa wakipita.

Uhalali, ndugu zangu, una vyanzo vitatu, na vyote ninavyo. Cha kwanza ni mila: mtu anatiiwa kwa kuwa imekuwa hivyo tangu zamani, na mimi niko kwenye kiti hiki tangu zamani, waliokuja kuniondoa wamestaafu. Cha pili ni mvuto wa mtu binafsi, na hapa sitaki kujisifu, tazameni tu suti. (Mzee mmoja: "Lebo haijatolewa!") Cha tatu ni sheria na taratibu, yaani muhuri, na muhuri ninao mfukoni, hata nikienda kulala uko chini ya mto. Huyu bibi, kwa heshima zote, shikamoo bibi, ("Marahaba, mwanangu") ana muhuri gani? Ana king'ora? Nani alimteua? (Sauti nyingi: "Sisi!") Nimeuliza kwa maandishi, nani alimteua?

Nakohoa kidogo, mniwie radhi. Jamani, hakuna hata kikombe? Kisima si kiko hapa hapa? (Msaidizi ananong'ona kwa muda mrefu, akionyesha zulia.) Unasema? Chini ya nani? Ndugu wananchi, nimearifiwa sasa hivi kwamba, kwa kuwa mdomo wa kisima ndiyo sehemu pekee yenye saruji iliyonyooka, vijana wangu walijenga jukwaa hili juu yake. Kwa maneno mengine, serikali yenu iko karibu na maji kuliko wakati wowote katika historia. (Vicheko. Mama mwenye mtoto anasimama. Wengine wanasimama.) Kaeni! Kamanda! Dola pekee ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake, hilo liko vitabuni, basi itumie, wasogeze nyuma! Kamanda, mbona huwasogezi? (Kamanda: "Mheshimiwa, nilikuwa wa tano.") Wa tano wa nini? (Kamanda: "Ndoo yangu ile ya njano. Mke wangu ananisubiri.")

Basi nifupishe, maana naona muda umetutupa mkono. Nikisema Maji, semeni Yamefika! Maji! (Umati: "Yako wapi?") Bomba! ("Tuone!") Maendeleo! (Muuza karanga peke yake: "Oyee!") Ahsante, ndugu, ingia ndani ya kamba.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyetuazima bomba hili linalong'aa, namwona kule nyuma anatazama saa. Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu, litarudi dukani likiwa jipya kabisa, kwa sababu halijawahi kupitisha tone. Namshukuru fundi aliyelisimika kwenye debe la mchanga akalifunika debe hilo kwa majani, kazi nzuri, mtu hawezi kujua. Nawashukuru wale ambao wangelaza mabomba ardhini, endapo mabomba yangekuwepo. Na namshukuru dereva wa Waziri, ambaye amenitumia ujumbe kwamba walipita hapa mapema, hawakuona kitu, wakaendelea na safari.

(Bibi Zamu anasimama. "Shuka, mwanangu.") Bibi, dola haishuki. ("Shuka taratibu, ngazi hiyo haina msumari.") Nashuka, lakini iandikwe kwamba nimeshuka kwa hiari. (Vijana wanaviringisha zulia na kuondoa mbao. Ndoo zinarudi mahali pake: Bibi Zamu ananyoosha kidole, mwenye ndoo anaibeba, hakuna anayebisha. Mama mwenye mtoto anakuwa wa tatu. Kamanda anakuwa wa tano.)

Bibi, samahani, bado niko kwenye kipaza sauti. Koo limekauka kweli, na sisemi tena kama Mkurugenzi, nasema kama mtu mwenye kiu. Naomba kikombe kimoja tu. ("Ndoo yako iko wapi?") Sina ndoo, bibi. Nimekuja na muhuri. ("Weka chochote, kishike zamu.")

Ndugu wananchi, kofia yangu ndiyo ile pale, ya mwisho, nyuma ya ndoo ya kijani. Nakwenda kukaa kivulini. Nawaomba sana, nawasihi, mtu yeyote asiisogeze.