Magoti Mazima ya Binti Yangu

Kwa Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

YAH: BINTI YANGU KUTOUMIA SHULENI KWAKO

Pokea salamu za jirani yako, fundi cherehani wa ng'ambo ya uzio, ambaye watoto wako humwita Baba Pini kwa sababu ya pini ninazozibana midomoni nikifanya kazi. Naandika nikiwa nimezitoa, hasira isije ikanimezesha moja.

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi, ulitusomea daftari la majeruhi. Ukataja wawili waliogongana vichwa walipokuwa wakikimbiliana kukumbatiana, mmoja aliyeng'oka jino katika kuvuta kamba, na wengine wengi, wazazi wakicheka na kuguna. Kisha ukasema darasa la tatu lina mtoto mmoja tu ambaye jina lake halimo humo. Ukanisimamisha, ukaniita mzazi wa mfano, nikapigiwa makofi. Nami kwa ujinga wangu nikainama kama bwana harusi. Mama yake pekee hakupiga makofi. Tulipofika nyumbani akaniuliza ni mtoto gani amewahi kuja kwetu kumuulizia binti yetu. Nikamwambia ngoja nifikirie. Leo ni Alhamisi, bado nafikiria.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ushahidi wa cherehani. Tangu muhula uanze nimetia viraka nguo ishirini na tatu za darasa la tatu. Baada ya miaka kumi na minne katika kazi hii, nasoma mchaniko kama wewe unavyosoma insha. Shati lisilo na mfuko likiletwa siku moja na shati lisilo na vifungo, najua wenyewe wamepigana. Na siku ya kuzichukua huja pamoja, wameshikana mabega, wakinisumbua nifanye haraka. Sketi iliyochanika nyuma ni ya aliyeponyoka akifukuzwa. Suruali iliyotoboka magoti yote mawili ni ya yule aliyekubali kuwa farasi. Kwa jinsi ninavyoona mimi, mtoto haumii shuleni mpaka apate wa kuumia naye. Sketi pekee ya darasa hilo ambayo haijawahi kurudi mezani kwangu ni ile niliyomshonea binti yangu.

2. Masweta. Dirisha langu linatazama uwanja wenu. Kila mapumziko, wenzake wakivua masweta ili wacheze, humkabidhi yeye. Hukaa kwenye ngazi ya ofisi akiwa na masweta saba, manane, ameyakunja vizuri kama nilivyomfundisha, akiwatazama. Kengele ikilia kila mtu huchukua lake. Wengine husema asante. Naomba kujua ni nani aliyempa binti yangu cheo hicho, maana mimi kinanishinda kukitazama, na wiki hii koti la mteja mmoja nimelishona mikono miwili ya kushoto.

3. Upendeleo kwa majeruhi. Nimeona kwa macho yangu mtoto aliyejichoma kidole kwa penseli akisindikizwa kwenye huduma ya kwanza na wenzake watano, mmoja akimpepea. Binti yangu alipoumwa tumbo muhula uliopita alikwenda peke yake, akabisha hodi, akasubiri. Hilo liliniuma, Mwalimu, sitakuficha.

4. Utauliza mzazi alikuwa wapi. Alikuwepo, tena kupita kiasi. Kila asubuhi mlangoni namsomea masharti kumi na moja: usikimbie, usipande, usisukume, usisukumwe, na mengine ambayo siku hizi huyamalizia mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Sketi yake nimeitia bitana ya turubai. Akiivua inasimama yenyewe. Mimi nami nilimaliza shule bila mchubuko hata mmoja, nikijisifu, na siku ya harusi yangu ikabidi shemeji zangu wagawanywe, nusu waje wakae upande wangu usionekane mtupu. Nina miaka arobaini na mmoja na rafiki yangu wa karibu anaendeshwa kwa pedeli. Lakini kwa kuwa hakuna mtu anayeandika barua rasmi kujilalamikia mwenyewe, lawama zote nazielekeza kwako.

Kutokana na hayo, naomba shule imuumize binti yangu kwa utaratibu ufuatao. Uwe mchubuko mmoja, goti la kushoto, kwani la kulia ndilo analotanguliza akipanda ngazi. Asukumwe na mtoto mwenye moyo mzuri; napendekeza yule msichana wanayemwita Kifaru, ambaye nimemtilia viraka sketi tatu na sijamwona amenuna hata siku moja. Asindikizwe na watu wasiopungua wawili. Jina lake liandikwe daftarini kwa wino. Nawe kwenye kikao kijacho ulisome kwa sauti, nami nakuahidi sitasimama.

Jambo hili likikamilika kabla ya Ijumaa ijayo nitashukuru. Likishindikana, nitalazimika kuwaandikia wakubwa wako, ambao suruali zao nazipunguza mimi na siri za viuno vyao ninazo.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, mpishi, mpiga kengele, na yule mama wa usafi anayefuta damu za watoto wa wenzangu.

Ni mimi jirani yako, mwenye masikitiko makubwa na magoti mazima,

Fundi cherehani (Baba Pini)

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha kengele ya kutoka imelia, na binti yangu ameingia hapa akichuruzika damu goti la kulia, narudia, la kulia, sketi imechanika pamoja na turubai lake, Kifaru kamshika huku na mwenzake mwingine kamshika huku. Futa yote niliyoandika. Mwalimu wa zamu alikuwa wapi? Nani aliweka mawe kwenye uwanja wa watoto? Nataka uwanja mzima utandikwe magodoro, na huyo Kifaru ahamishiwe darasa lingine, ikiwezekana shule nyingine. Nilipoinuka kumkimbilia, mguu wangu ulinasa kwenye pedeli nikaanguka kifudifudi, na sasa nina mchubuko wangu wa kwanza. Wasichana wote watatu wamenisindikiza hadi kwenye kiti. Mmoja amenipepea.

Nimetaka kumshonea sketi, amekataa. Anasema nisiiguse mpaka kesho, kuna wenzake ambao hawajaiona. Kuhusu Kifaru, mwache kwanza alipo. Ila naomba mnitafutie sweta la binti yangu, halikurudi nyumbani. Anasema alimpa mtu amshikie, hakumbuki nani.