Sola ya Bure na Friza ya Mkamburi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Baraza la chifu. Ajenda: sola. Nilifika mapema nikakaa mbele, kwa sababu mtu wa maana hakai nyuma na watafuna mogoka, ile miraa ya bei rahisi.

Afisa alitoka Voi, msichana anaitwa Sharon, ana faili na chupa ya maji ambayo hakumpa mtu. Alieleza kwamba kuna mswada wa kaunti, na kabla haujapita lazima wananchi waulizwe maoni. Una sehemu mbili. Ya kwanza: nyumba isiyo na stima itapewa sola kwa ruzuku, karibu bure. Paneli, betri, taa na redio! Ya pili: yeyote anayejenga duka au nyumba za kupangisha lazima aweke sola juu ya paa, la sivyo alipe ada.

Titus alisimama wa kwanza. Titus ni jirani yangu na ndiye msalaba wangu. Alisema yeye alinunua sola yake kwa lipa pole pole, mwaka mmoja na nusu akijinyima nyama. Sasa wengine wapewe bure? Basi na yeye arudishiwe nyama yake. Priscilla, mwenye vyumba vya kupangisha kule Kaloleni, alisema paa ni lake na jua ni la Mungu, sasa kaunti inaingilia wapi? Wakimlazimisha atapandisha kodi, na wapangaji wakamlilie aliyeandika sheria.

Nikasimama mimi. Dominic, miaka hamsini na sita, karani mstaafu wa shamba la mkonge, mwenye nia ya kujenga duka la milango miwili Mungu akipenda. Nilisema hiyo lazima ni ukoloni. Nilipiga meza ya chifu. Makofi! Sharon aliandika jina langu lote na kulipigia mstari.

Furaha ilikwisha niliposoma karatasi vizuri. Ruzuku ni ya nyumba zisizo na stima tu. Mimi nina stima. Katika kijiji hiki wenye stima ni shule, mwenye kinu cha unga, na mimi. Miaka mitano nimeringa nayo, na leo imenigeuka.

Alhamisi, 6 Februari

Siku tatu za kuwaza, hatimaye nimepata. Ni rahisi mpaka inaudhi. Nyumba isiyo na stima inapewa sola. Basi nyumba yangu isiwe na stima! Tokeni za stima huisha kila Ijumaa, jua la hapa kwetu Marungu haliishi. Kwa nini ninunue moto wakati juu ya kichwa changu kuna moto unaochoma mahindi bure?

Nilimdokezea mke wangu Mkamburi wakati wa chai. Aliuliza swali moja tu: hiyo sola itawasha friza? Nikamjibu sola ni sola.

Lazima niseme kuhusu friza. Aliinunua kwa zamu yake ya chama cha kuchangiana, baada ya kungoja miaka mitatu. Humo hugandisha barafu za ubuyu na ukwaju za watoto wa shule, na maziwa lala, na huwawekea watu nyama. Ndiyo iliyomsomesha mtoto wetu Wakio mpaka chuo. Mimi naiita kelele. Mkamburi alisema, bila kupaza sauti, kwamba siku friza itakapozimika kwa ajili ya mipango yangu, ataibeba mpaka Ronge, kule mlimani, kwa kaka yake, na yeye aifuate nyuma. Nilicheka. Mke wa miaka ishirini na minane aende wapi?

Mchana nilipeleka barua Voi: naomba mita yangu iondolewe. Karani aliisoma mara mbili, akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia sijawahi kuwa sawa zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Wameshakuja! Nilipoomba kuwekewa stima nilingoja miaka minne na nusu. Kukatiwa: siku nne, Jumamosi na Jumapili ndani. Waling'oa mita, wakakunja waya, wakanisainisha karatasi, wakaenda. Ukutani limebaki doa jeupe la mraba.

Mkamburi alikuwa Voi kununua sukari. Aliporudi nilimwambia stima imepotea kote. Akasikiliza. Kinu cha unga kilikuwa kinanguruma. Nikasema labda siku hizi wanatumia dizeli. Akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama ukuta, akarudi akaketi juu ya friza. Ningeona afadhali angenitukana.

Balaa juu ya balaa: mna kuku kumi na wanne humo. Ni wa akina mama wa kanisa, wa kumkaribisha mchungaji mpya Jumapili. Sikujua! Nyumba hii mtu haambiwi kitu.

Jumanne, 11 Februari

Kuku wote wamepikwa leo, kabla hawajaharibika. Akina mama walikuja na sufuria zao, wakapika uani kwangu, wakala, wakaimba. Mchungaji mwenyewe bado yuko Taveta, hajahama. Jumapili atakaribishwa kwa chai na mkate mkavu.

Sikupewa hata shingo. Pauline, mwenyekiti wao, aliniombea kwa jina mbele ya wote, na maombi yalikuwa marefu. Aliomba nifunguliwe macho. Mkamburi alisema amina kwa sauti kuliko wengine.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya orodha ya watakaopewa sola mswada ukipita. Hapa kwetu orodha ya kitu cha bure husomwa hadharani, na kila jina likitajwa chifu huwauliza majirani wa nyumba kumi kama kuna pingamizi. Hapo ndipo watu hulipizana. Mwaka jana mzee mmoja alikosa mbegu kwa ajili ya ugomvi wa jogoo.

Jina langu likasomwa. Titus akaruka juu! Akasema nguzo ya stima iko mlangoni kwangu, hata kipofu angeigonga. Nikajibu nguzo si mita, njooni mwone. Baraza zima likaja nyumbani kwangu, chifu mbele. Wakatazama ukuta. Nilisimama kando ya lile doa kama bwana harusi. Titus akasema, lakini ana friza. Sharon akasema friza bila stima ni kabati tu. Nimepita! Nilimpa Titus mkono, akauangalia tu.

Ndipo nikaiona pikapu ya shemeji Donald, kaka wa Mkamburi, imeegeshwa kwenye kivuli. Wanaume wanne walikuwa wanaitoa friza mlangoni. Baraza likapisha njia. Mkamburi akatoka nyuma yake na sanduku. Alisema, mbele ya chifu na wananchi, kwamba Baba Wakio amezunguka kijiji kizima kutoa maoni, na kaunti imeuliza maoni hata ya walevi, lakini yeye, ndani ya nyumba yake, hakuulizwa. Kisha akapanda gari. Hakuna aliyetoa pingamizi.

Nadhani atarudi Jumapili.

Alhamisi, 20 Februari

Hakurudi.

Leo Sharon amepiga simu. Alianza kwa kunipongeza, nikajua nimekwisha. Kamati ya kaunti imesikia kilio cha watu wa Marungu. Ile lazima ya wajenzi imeondolewa! Hotuba yangu imenukuliwa kwenye ripoti, ukurasa wa tisa, pamoja na ukoloni. Tatizo dogo: ada ya wajenzi ndiyo iliyokuwa ilipe ruzuku. Hakuna lazima, hakuna ada. Hakuna ada, hakuna sola ya bure kwa mtu yeyote. Nilimuuliza kama naweza kufuta ukurasa wa tisa. Akasema maoni ya wananchi hayafutwi.

Kwa kujifariji tu, nilimuuliza kama ile sola ingeweza kuwasha friza. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Taa nne na redio, alisema, na siku ya mawingu uchague kimoja.

Nilikwenda Voi kuomba mita yangu irudi. Karani ni yule yule. Alinikumbuka, akawaita wenzake waje kuniona. Nimeanza foleni upya, mkiani kabisa. Mtaka yote hukosa yote, mama alikuwa akisema, na mimi nilidhani anamsema ndugu yangu.

Sina mita, sina sola, sina mke. Nimekaa kizingitini nikalia. Naandika hivyo kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumapili, 23 Februari

Ronge. Ee Mola.

Kwa desturi mume aliyekimbiwa haendi ukweni peke yake. Huenda na baba mdogo au mjomba, mzee huyo ndiye anayesema, na mume huinamisha kichwa. Lakini baba yangu mdogo angetaka kujua habari yote, na angeieneza mpaka Mwatate. Nikaenda peke yangu. Nilibeba pia bahasha ya kaki. Ndani yake waraka wa kurasa sita wa kuunga mkono lazima! Nimebadili msimamo. Bila lazima hakuna anayefanya lolote. Hata chanjo tulichanjwa kwa lazima, ndiyo maana tuko hai. Nahitaji sahihi hamsini ili kamati ifungue tena mjadala, na kwa shemeji kuna watu wazima saba. Niliona nimalize mambo mawili kwa safari moja.

Donald alinikaribisha vizuri, akanipa kiti barazani, nje. Akauliza nani anakuja kunisemea. Nikasema najisemea. Akauliza nimeleta nini. Nikafungua bahasha. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, polepole, kisha akanirudishia na kuniuliza kama jina la dada yake limo popote kwenye zile kurasa sita. Nikasema limo mahali pa kutia sahihi.

Chai niliinywa peke yangu. Kupitia ukutani nilisikia friza ikinguruma, na Mkamburi akiwauzia watoto barafu na kuwachekesha. Hajanichekesha mimi siku nyingi. Au nilikuwa sisikilizi. Mlima wote niliushuka nikiwa na uchungu ambao sijawahi kuupata hata siku ya kustaafishwa.

Sahihi nilizopata: moja, ya mzee niliyekutana naye njiani. Aliposaini ndipo akauliza ni ya nini.

Ijumaa, 28 Februari

Wiki nzima ugali na mboga, na mboga imeungua. Titus alikuja kabla ya magharibi na taa yake moja ya ziada. Alisema tumekuwa majirani miaka mingi, anaumia kuona nyumba yangu giza. Nikamwambia taa siitaki, sikai giza, nimepumzisha macho. Akaiacha juu ya ukuta wa kisima. Sijaigusa.

Nimeigusa kidogo. Ni taa nzuri, na hilo ndilo linaloniua.

Jumatano, 5 Machi

Sifa kwa Mungu! Pauline ameniletea salamu za Mkamburi. Kwaresma imeanza leo, na yeye hawezi kufunga akiwa na kinyongo moyoni. Jumamosi atakuja. Friza ataiacha Ronge mpaka mita irudi, yeye atakuja. Ana sharti moja: nisiingie tena kwenye orodha yoyote bila kumuuliza.

Nilikubali mbele ya Pauline mkono ukiwa juu. Waraka wa kurasa sita nimeuwashia jiko. Nimefagia uani, nimeosha mashuka. Nilikuwa nimesahau kuwa mtu mzima anaweza kufurahi hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Lazima niandike haraka kabla sijasahau mambo yalivyopangika.

Saa tatu asubuhi nilikuwa langoni nikimngoja Mkamburi. Badala yake simu ya Sharon. Kuna mradi mwingine, wa shirika, hauna uhusiano na kaunti. Sola kubwa, bure kabisa, kwa wajane, wagane na watu wanaoishi peke yao, waanzishie kabiashara. Alinikumbuka mimi, masikini, alivyoona friza ikiondoka. Yuko njiani kuhakikisha.

Mimi si mjinga. Safari hii niliuliza! Nikamuuliza wazi: itawasha friza? Akasema itawasha friza mbili. Mbili! Nilimwona Mkamburi na friza zake mbili, barafu upande huu, nyama upande ule, na mimi nikimhesabia watoto. Machozi yalinitoka.

Saa nne kasoro Mkamburi akatokea njia ya chini, na mkungu wa ndizi kichwani. Amependeza. Na wakati huo huo gari la Sharon likatokea njia ya juu. Nilikimbia. Nikamwambia Mama Wakio, karibu sana, lakini ingia kwanza nyuma ya ua wa minyaa, dakika kumi tu. Aliniuliza ni orodha? Nikamwambia si orodha, ni fomu. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaenda nyuma ya ua, hakubisha, nami nikashukuru kupata mke mwelewa.

Sharon aliuliza maswali pale pale uani. Unaishi na nani? Nikasema peke yangu. Mke? Nikasema alikuwepo. Niliisema kwa huzuni ya kweli, kwa sauti ya kutosha, mpaka Sharon akaacha kuandika akanipa pole. Amenipitisha hapo hapo.

Alipoondoka nilikimbia kwenye ua kumpa habari. Nilikuta mkungu wa ndizi umesimamishwa vizuri kwenye shina la mnyaa. Yeye hayupo. Titus anasema alimwona akishuka barabarani, akamwamkia, hakuitikia. Simu yake haipokelewi. Nadhani ni uchovu wa safari.

Nimekula ndizi mbili. Sola inakuja baada ya Pasaka. Kesho nitamtumia ujumbe kwamba tumefaulu.