Kilomita Tano na Nusu Kutoka Darajani

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutazama ndege, mkunga mstaafu, amechoka. Goti. Anataka kiongozi mpya wa misafara. Jumamosi tutagawanyika makundi mawili, tutafute viota vya korongo kando ya mto. Atakayefikisha watu wake kwanza ndiye kiongozi. Amewataja wawili: mimi na shemeji yangu mfamasia.

Shemeji ana GPS ya kuning'iniza shingoni. Huivaa hata akiuza dawa ya kikohozi. Mimi nina duka la fotokopi na akili zangu. Mke wangu, dada wa huyo mfamasia, amenikumbusha kwamba katika miaka kumi na moja ya ndoa hajaniona nikiongoza kitu, hata foleni. Nimemuuliza atafuata kundi la nani. Amesema anafikiria. Imeniuma.

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti ametupa namba sita za gridi, za kuonyesha viota vilipo kwenye ramani. Tatu za kwanza unakwenda nazo kulia kwenye ramani, tatu za mwisho unapanda nazo juu. Nimekwenda, nimepanda, nimefika katikati ya doa. Kinamasi? Chai? Haijulikani. Maandishi yote kama sisimizi.

Ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Mwenye mashine ya fotokopi asumbuliwe na maandishi madogo! Nimeikuza ramani kutoka A4 hadi A3. Imetoka safi. Doa ni kinamasi.

Shemeji amepita kununua kalamu, akauliza kama nimekumbuka kurekebisha na kipimo. Nimemjibu kipimo kipo palepale chini, sentimita mbili ni kilomita moja, kimeandikwa na wataalamu, mimi nani nikiguse. Akacheka, akaondoka. Sijui alichekea nini.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima kwa rula, kutoka darajani hadi kwenye viota, kufuata mto. Sentimita kumi na moja na ushee. Yaani kilomita tano na nusu na ushee. Nikaingiza namba kwenye simu ili kuhakikisha. Simu inasema nne. Nimeizima, nimeiwasha. Nne.

Kichwa kinaniuma. Nimempigia Mwenyekiti. Amesema yeye pale hupajua kwa harufu tu. Haikusaidia. Baada ya kutafakari sana nimeamua kufuata rula. Rula haihitaji chaji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga duka, nimekwenda kufanya majaribio kwa kuhesabu hatua. Hatua ya elfu mbili mia nane na kitu, nikakutana na mwalimu wangu wa darasa la tatu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za mashine. Tulipofika kwa wajukuu wake wa mwisho, hesabu ilikuwa imeshapotea. Nikarudi darajani kuanza upya. Nikakutana naye tena, akirudi. Nimekwenda nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu atakuja na mimi! Amesema kaka yake ana kifaa, hana haja na mtu. Nimefurahi mpaka nikaunguza kola ya shati nikilipiga pasi. Kesho nisipomfikisha, sijui nitaiweka wapi sura yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijabadili mawazo.

Tumeanza sawa. Watu sita nyuma yangu, mke wangu akiwa mbele yao. Simu ya kuhesabia kilomita mkono mmoja, ramani mkono wa pili. Kilomita ya nne, kelele nyingi mitini, na harufu kali ya kinyesi cha ndege. Mmoja wao, mzee wa posta, akauliza kama si hapa. Nimemwonyesha ramani. Bado kilomita moja na nusu na ushee. Mbele kidogo, Mwenyekiti ameketi kwenye kigoda, darubini mkononi. Maskini, goti limemshinda katikati ya njia. Nimemwamkia kwa heshima, nikamwambia apumzike tu, tutamletea habari. Akainua mkono. Nami nikainua wangu.

Tumefika kilomita tano na nusu na ushee kamili. Ni shamba la kuku. Mwenyewe ametupokea vizuri, akauliza tunataka trei ngapi. Mzee wa posta amechukua mbili.

Tuliporudi, shemeji na watu wake walikuwa pale kwa Mwenyekiti, wanakunywa chai, korongo juu ya vichwa vyao. Uongozi umekwenda kwake. Nimeona aibu, na nimeona uchungu.

Njiani mke wangu ameniambia aliwaona korongo tangu mwanzo. Alinyamaza asinivunjie heshima mbele za watu. Kwa ajili yangu alikwenda hadi kwa kuku.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala, nimeamka, kichwa kimetulia. Mke wangu amesema twende kesho sisi wawili, bila kikundi, tukawaone korongo kwa raha zetu. Mwanamke ana moyo! Nimekubali, na nimeapa kwamba safari hii sikosei.

Kosa lenyewe nimeshaligundua. Ramani ilikuwa bado ndogo. Nimeikuza tena leo, vipande vinne, nimeviunganisha kwa gundi, imejaa meza ya chakula. Nimepima mara tatu: sentimita kumi na sita. Nimemwambia avae viatu imara na tutoke mapema. Kumbe ni kilomita nane.