Hodi kwenye Seva ya Mchele wa Ikolo

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza! Ukurasa wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga hapa Ikolo uko hewani. Mtu popote alipo ataona mchele wetu, atabonyeza "Agiza", na mimi Ambrose, Mkurugenzi wa Teknolojia, nitakuwa nimekaa barazani nakula ndizi. Cheo nimejipa mwenyewe. Kikundi bado hakijakutana kukipinga.

Nimebonyeza "Agiza" kwa heshima zote. Kimya. Nikabonyeza tena, bila heshima. Maandishi mekundu! Ombi limezuiwa kwa sheria iitwayo CORS.

Nimesoma mpaka macho yameuma. Kisa ni hiki. Ukurasa unakaa anwani moja, na seva yenye bei na oda inakaa anwani nyingine. Kwenye kompyuta yangu vilikaa chumba kimoja, havikuwahi kukorofishana. Sasa kivinjari kinaiuliza seva: huyu anayetoka anwani ile, unamruhusu? Seva haisemi kitu. Kwa wazee wetu kunyamaza ni kukubali. Kwa kivinjari kunyamaza ni kukataa. Hakina malezi.

Na mambo si ya mchezo. Jumamosi dada Nancy, mnunuzi wa hoteli moja ya Mbeya, ataagiza mchele kupitia ukurasa huu mbele ya wanachama wote. Akishindwa, mavuno yote yanauzwa kwa Yakobo dalali. Yakobo ananunua kwa lumbesa: gunia linajaa, linaongezewa kilemba, linashonwa likiwa na mimba ya miezi tisa, halafu analilipia kama gunia la kawaida. Shangazi Atupele, mwenyekiti wetu, alisimama kikaoni akawaambia wenzake wasubiri, mtoto wa kaka yake anajua kompyuta. Alisema hivyo mbele ya watu.

Jioni kaniuliza imefikia wapi. Nimemjibu imekwisha, bado kupiga rangi.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Kumbe kivinjari kina mahali pa kuzima huo ulinzi wake. Nimeuzima. Maandishi mekundu yameyeyuka. Oda inakwenda, bei zinakuja, mambo swafi. Najiuliza kwa nini watu wanasomea kazi hii miaka mingi.

Nikamwita Shangazi pamoja na Lucy, mtunza hazina wetu. Nimewaonyesha kwenye kompyuta yangu. Nikaagiza gunia, gunia likaonekana limeagizwa. Shangazi kapiga kigelegele mpaka kuku wametawanyika kwenye kakao iliyoanikwa. Ndaga fijo, asante sana mwanangu, ndaga fijo! Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Kisha Shangazi akatoa simu yake, naye aagize. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Nikamweleza simu yake imezeeka. Lucy akajaribu na ya kwake, ambayo ameinunua juzi. Kiduara. Nikasema mnara wa mtandao una hitilafu. Lucy akasema ajabu, maana hapohapo alikuwa anaangalia video ya kwaya na haikati hata kidogo. Huyu mama ana macho mabaya.

Nimetoa pendekezo kwamba wateja wote waje Ikolo waagizie kwenye kompyuta yangu. Shangazi kaniuliza kama hoteli ya Mbeya ipande gari kuja kubonyeza kitufe. Nikamwambia wapo watu wanaofuata huduma mbali zaidi ya hapo. Hakucheka.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka Kyela mjini. Mpango: kupata jibu kwa Raudha bila kumuuliza Raudha.

Raudha ni binti wa Mzee Mansuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Tulisoma wote kompyuta Mbeya. Yeye alikuwa anamaliza zoezi mapema kisha anapita nyuma ya kiti changu akihema kwa huruma. Sasa anatengeneza mifumo ya maduka nusu ya mji, na hana hata cheo! Mimi ninacho.

Nimenunua misumari ambayo siihitaji. Nikataja, kama utani tu, kwamba rafiki yangu wa Tukuyu ana shida na seva yake. Raudha akauliza kama huyo rafiki ameshazima ulinzi wa kivinjari chake. Nikasema rafiki yangu si mjinga kiasi hicho. Akasema afadhali, maana anayefanya hivyo anajidanganya mwenyewe: ulinzi unazimika kwake tu, kwa wateja uko palepale. Nikasema nitamfikishia.

Akaeleza, huku anapima nyaya za mteja. Dawa iko kwenye seva. Unaiandikia anwani za kurasa inazozikubali. Na kivinjari kikitaka kutuma kitu kizito kama oda, kwanza kinapiga hodi: kinatuma swali tupu, halina jina wala nywila, kuuliza kama kuna ruhusa. Seva ijibu karibu, ndipo mzigo wenyewe ufuate. Sikuandika chochote. Ningeandika angejua rafiki wa Tukuyu ni nani.

Baba yake akaniambia misumari ile ni ya bati, mimi ninaezeka nini. Nikasema ofisi.

Nimerudi nimesahau nusu. Lakini fremuweki, yaani ile mifupa ya programu niliyojengea seva, ina njia ya mkato: weka alama ya nyota, na kila anwani ya dunia inaruhusiwa. Nyota moja! Nimeiweka. Bei zimeonekana kwenye simu ya Shangazi. Nimelala mchana kidogo kwa kujipongeza.

Alhamisi, 12 Juni

Nyota imenisaliti. Bei zinaonekana, lakini mteja akishajiandikisha na kuingia kwa nywila, kivinjari kinakataa. Kinasema palipo na nywila hakitaki nyota, kinataka seva itaje anwani kwa jina. Ubaguzi.

Nimekikomesha. Nimeona ujanja mtandaoni: yeyote atakayekuja, seva inasoma anwani yake na kumrudishia ileile. Umetoka wapi? Kwa fulani. Basi karibu wewe wa kwa fulani! Mgeni yeyote anajiona aliandaliwa chai. Kila kitu kimefanya kazi. Kila kitu! Kwenye simu ya Shangazi, ya Lucy, hata ya fundi baiskeli wa jirani.

Nimemtumia Raudha kiungo cha ukurasa, bila maneno mengi. Nimeandika tu kwamba wengine tunamaliza mapema siku hizi. Amejibu kwa pongezi, na kunitumia kiungo cha picha za harusi ya Godwin, tuliyesoma naye. Nimezifungua hapohapo kwenye kompyuta, nikiwa bado nimeingia kwenye seva kwa nywila yangu ya ukurugenzi. Picha yenyewe ilikuwa moja, ya mbuzi. Nikadhani mtandao.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa! Shangazi kaja mlangoni kabla sijanawa uso. Sikusikia hata salamu ya mugonile. Ameniwekea simu puani. Ukurasa wetu, wenye picha ya shamba letu, umeandikwa juu kwa herufi kubwa: MCHELE SAFI WA KAHAMA.

Kahama! Mimi nimezaliwa Ikolo, nimekua kwa mchele unaonukia mpaka njia panda, halafu niuze wa Kahama! Shangazi amesema kama marehemu baba yangu angeona hayo. Hakumaliza sentensi. Ingekuwa heri angemaliza.

Raudha akapiga simu huku anacheka mpaka anakohoa. Ni yeye. Ule ukurasa wa mbuzi ulikuwa na amri ndani yake. Mimi nilipoufungua, kivinjari kikaipeleka amri kwenye seva yangu pamoja na utambulisho wangu, na seva, kwa kuwa inamwambia kila mtu karibu, ikatii. Amesema yeye amebadilisha maneno tu na atayarudisha sasa hivi. Mwingine angefuta oda zote. Amesema pia kwamba ujanja niliouweka ni sawa na kuajiri mlinzi anayemfungulia geti kila anayejua jina lake mwenyewe.

Nilikasirika sana. Kisha nikaogopa, ambayo ni mbaya zaidi. Nimeondoa ujanja wote. Nimeandika anwani moja tu inayoruhusiwa: ya ukurasa wetu. Halafu nimeongeza ukali wangu mwenyewe. Kile kipande cha seva kinachodai nywila nimekitoa katikati na kukiweka mbele kabisa, kabla ya kingine chochote. Asiye na nywila asipate hata salamu. Raudha ajaribu tena na mbuzi wake!

Sikupima. Kitu kikali namna hii hakihitaji kupimwa.

Jumamosi, 14 Juni

Ghala limejaa. Wanachama wote wamekuja, wengine wametoka Talatala kushuhudia. Yakobo dalali kaja na mzani, magunia matupu na vijana wa kushona. Kaniamkia kwa upole, kama mtu anayeamkia wafiwa.

Nancy kapigwa simu, kawekwa kwenye spika. Kaingia kwenye ukurasa. Kachagua mchele. Kabonyeza. Akasema anaona maandishi mekundu.

Nikamwomba abonyeze taratibu. Mekundu. Shangazi akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kuwaomba wenzake radhi. Yakobo akakunja mikono ya shati.

Nikatangaza kwamba jambo kubwa kama hili haliwezi kwenda bila sala. Nikampa nafasi Mzee Jubilate, ambaye namjua hamalizi haraka. Alipofika kwenye kuwaombea waliosafiri, nilikuwa nyuma ya ghala, kompyuta kwapani na simu sikioni. Nikamwambia Raudha kwamba rafiki yangu wa Tukuyu yuko hatarini.

Hakucheka, Mungu ambariki. Akauliza: kwenye seva, nani anakaa mbele, anayejibu hodi au anayedai nywila? Nikasema wa nywila, kwa fahari kidogo bado. Akasema ndiyo shida. Anayepiga hodi hana nywila, bado hajaingia, anauliza kama wenyewe wapo. Wewe unamtoa mbio nje, na mzigo hauji. Anayejibu hodi atangulie, wa nywila afuate.

Mistari miwili. Nimeibadilishia nafasi nimechuchumaa kwenye pumba. Ndani Mzee Jubilate alikuwa amefika kwenye mifugo. Amina!

Nancy akabonyeza. Imekubali! Oda ya hoteli nzima, na akauliza kama ataweza kuagiza tena mwezi ujao. Vigelegele. Shangazi akalia waziwazi mbele ya watu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi pia nililia kidogo, ila ni vumbi la pumba. Yakobo akakunja magunia yake akaondoka, na mzani wake ukimgonga mguuni.

Nimetoa hotuba. Nimeeleza jinsi nilivyofikiri. Raudha sikumtaja kwa sababu ya muda.

Jumapili, 15 Juni

Siku njema mno. Shangazi ametuma samaki, mbasa wa kukaanga. Kikundi kimekubali ukurasa uwe na anwani yake rasmi, yenye jina la Ikolo, si ile ya bure niliyoanzia. Nimeuhamisha asubuhi hii, dakika chache, sikuhitaji msaada wa mtu. Shangazi ametangaza anwani mpya baada ya ibada, na mchungaji akairudia kwa wa nyuma.

Saa nane simu zimeanza. Maandishi mekundu. Kwa Lucy, kwa Nancy, kwa mchungaji.

Nimejua mara moja. Ni wivu wa Raudha. Nimemwandikia ujumbe mkali, na nakala kwenye kundi la wanachama wote, kumtaka afungue alichofunga.

Amejibu kwa swali moja tu: je, nimeiandikia seva ile anwani mpya?

Swali gani hilo! Nimemjibu kwa utulivu, wanachama wote wakisoma. Nimemkumbusha kwamba orodha ile ni ya wageni. Ukurasa ni wetu, seva ni yetu, na Kyela nzima inajua kwamba mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

Amesoma, akanirudishia ile picha ya mbuzi. Nadhani ndiyo radhi yake.